Kidole Gumba Kilichokataa Tahiyatu

Namshukuru Mungu kwanza, kama inavyopasa. Wa pili nitakayemshukuru ni kidole gumba cha mguu wangu wa kulia, na mkinivumilia hadi mwisho mtaona kwamba kinastahili.

Mimi ni Zainabu, mzaliwa wa Majengo, Thika. Babangu alikuja kutoka Tanganyika kumpikia Mzungu mmoja wa mkonge, akamwoa mama yangu, binti Mkikuyu wa pande za Gatundu aliyesilimu. Kwa hiyo mimi nikikasirika huanza kwa Kiswahili nikamalizia kwa Kikuyu. Wasichana niliowafundisha madrasa walilijua hilo vizuri. Wakisikia Kikuyu kimeanza, kila mmoja alinyoosha mgongo.

Kilichonikasirisha zaidi kilikuwa vidole. Katika swala tuna kikao kinachoitwa tahiyatu. Mguu wa kushoto unalazwa, wa kulia unasimamishwa, na vidole vyake vinakunjwa vielekee kibla, kidole gumba kikibeba uzito. Watoto ni wavivu wa jambo hili. Wataukalia mguu ovyo, kama watu wanaoota moto. Mimi nilikuwa nikipita nyuma ya mstari na kijiti cha ufagio, nikigusa mguu mmoja mmoja. "Kidole! Kunja kidole!" Wakanibandika jina, Mwalimu Kidole. Walidhani sijui. Nilijua, na nililipenda.

Mume wangu alikuwa amefariki, Mungu amrehemu, na mtoto wangu wa pekee, Rukia, aliolewa Ruiru na kijana aliyeitwa Kamau. Aliposilimu tukampa jina la Salim, lakini huko Ruiru bado ni Kamau tu, na akiitwa kwa lolote kati ya hayo mawili anaitika. Alikuwa dereva katika shamba moja la kahawa. Sijui nimsifu vipi mkwe huyu. Akinisalimu alitazama chini. Nikiingia chumbani yeye alitoka. Kwao Wakikuyu na kwetu sisi wa Majengo, katika hili hatuna ugomvi wowote: mkwe na mama mkwe wanaheshimiana, na habari za mwili hazitajwi kati yao hata kwa fumbo.

Sasa niseme jambo ambalo wakati ule nilikuwa nimelificha. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilianza kutokwa na damu nyingi, miezi kwa miezi, mpaka nikawa nashika ukuta nikisimama. Nilikuwa na uvimbe katika kizazi. Nikalazwa, nikapasuliwa, wakatoa kizazi na zile ovari zote mbili, yaani vifuko vya mayai, kwa sababu navyo vilikuwa vimeharibika. Nilikuwa sijafika hata umri ambao mama yangu alikoma hedhi.

Aliyejua ni Rukia peke yake. Majengo ni mahali pazuri lakini pana masikio. Nilijua watasema, "Maskini Mwalimu, ametolewa uanamke wake wote." Kwa hiyo tulisema nina malaria kali, nikarudi nyumbani nikitembea taratibu, nikapona. Kwa muda nilisumbuliwa na joto la ghafla lililopanda kutoka kifuani hadi usoni, nikajipepea na leso hata siku za baridi ya Julai. Likaisha. Baada ya hapo, niseme ukweli, nilifurahi. Hakuna vitambaa vya kufua, na Ramadhani niliifunga yote bila siku za kulipa. Nilijiona nimepata likizo ambayo wanawake wenzangu hawajaipata.

Miaka michache ikapita hivyo. Kisha ikaja Idi ya kuchinja, na Salim akachinja mbuzi nyumbani kwake Ruiru. Kwao nyumbani figo ni fungu la wanawake, na yeye kwa heshima aliniwekea zote mbili, zimechomwa vizuri, pamoja na kipande cha ini. Akazileta kwenye sahani akitazama pembeni. "Mama, hii ni yako." Nilikula mpaka nikalamba vidole. Sikujua kwamba vidole vya mguuni navyo vilikuwa vikingoja zamu yao.

Alfajiri iliyofuata, nikiwa nimerudi kwangu Thika, nilisimama kuswali. Kusimama, sawa. Kurukuu, sawa. Nilipokaa tahiyatu na kukunja vidole vya kulia, nilihisi kama mtu amepigilia msumari kwenye kifundo cha kidole gumba. Nikapiga kelele katikati ya swala. Nikavuta mguu, nikautazama. Kidole kilikuwa kimevimba, chekundu, ngozi imenyooka na kung'aa kama nyanya iliyoiva sana. Hata kwangu mimi ambaye ngozi yangu ni nyeusi ya kutosha, wekundu ule ulionekana. Kilikuwa cha moto. Nilipojilaza, shuka likikigusa machozi yalinitoka. Mtu akitembea sebuleni, mtikisiko wa sakafu ulinifikia kidoleni.

Jirani yangu Mama Wambui alikuwa wa kwanza kufika. Ni Mkristo wa kanisani kila Jumapili, na tumeishi ukuta kwa ukuta tangu watoto wetu wakiwa wadogo. Akainama akakitazama.

"Woi, Mwalimu! Hii ni funza. Imeingia ndani sana."

"Mama Wambui, nyumba yangu ina saruji. Funza atatoka wapi?"

"Funza haiulizi saruji. Ngoja nikuje na pini."

Alikuja nayo kweli. Aliponigusa tu nikamfukuza kwa Kikuyu cha mama yangu, maneno ambayo hata yeye alisema hajayasikia tangu bibi yake afariki. Hakukasirika. Alirudi jioni na sufuria ya supu ya miguu ya mbuzi, nzito, inayonata midomoni. Sisi huku tunaamini jambo hilo, Mkristo kwa Mwislamu. Kiungo kikiuma, unakunywa supu ya kwato na mifupa, mguu wa mbuzi unatibu mguu wa mtu. Na kama haujapona, unaongezewa maini ndani. Nikanywa bakuli, nikaongeza jingine.

Rukia alikuwa amejifungua majuma machache tu kabla ya Idi, hangeweza kuniuguza. Akamtuma mumewe. Salim akaomba ruhusa kazini, akaja na pikapu ya shamba, akanipeleka kwa daktari mmoja aliyekuwa na kliniki yake pale Ruiru, mtu mpole mwenye miwani. Mguu mmoja nilivaa kiatu, mwingine ndala ya marehemu mume wangu, maana hakuna kingine kilichoingia.

Nilishindwa kutembea peke yangu, kwa hiyo Salim alinishika mkono mpaka ndani ya chumba cha daktari. Alitaka kutoka, lakini daktari akamwambia, "Kaa hapo, utamsaidia mama kupanda kitandani." Akakaa, uso ukielekea kalenda iliyokuwa ukutani.

Daktari akakitazama kidole, akakigusa kwa ncha ya kidole chake, nikaruka. Akauliza kama nimejigonga. Sijajigonga. Akauliza kama natumia dawa za presha. Situmii. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kuuliza habari ya mvua:

"Mama, bado unapata hedhi, ama ilikoma?"

Jamani. Nimeleta kidole cha mguu, naulizwa habari za hedhi, na mkwe wangu yuko hatua moja kutoka kwangu. Nikavuta buibui nikafunika uso. Maneno hayakutoka. Salim, maskini ya Mungu, akaamua kunisaidia. Alijibu akiiambia kalenda:

"Daktari, huyu mama bado ni kijana kabisa. Hiyo mambo ya wazee hajafika."

Alidhani amenipa sifa. Kwake ilikuwa kama kusema mama mkwe wangu hajazeeka, msimdharau. Na mimi niliyejua ukweli, nilikuwa chini ya buibui, nikiomba ardhi ipasuke inimeze.

Daktari akaandika. Akasema, "Haya. Kuna ugonjwa mmoja nilikuwa nafikiria, lakini wanawake ambao bado wana hedhi huwa hawaupati, ni nadra sana. Itakuwa ni uchafu umeingia kwenye kiungo." Akanipa vidonge vya kuua vijidudu na vingine vya maumivu.

Baada ya kama juma moja uvimbe ukashuka. Ngozi ikawasha, ikabanduka vipande vipande kama ya viazi vilivyochemshwa, chini yake kidole kikatokea kizima. Salim alifurahi kuliko mimi. Kwa Rukia alikuwa akisema, "Si niliwaambia huyu daktari ni noma?" Hakuna aliyejua kwamba maumivu ya namna ile hupoa yenyewe, unywe dawa usinywe. Nami nilikula chakula changu kama kawaida, na Mama Wambui aliendelea kuleta supu ili ugonjwa usirudi.

Ulirudi. Ukarudi tena. Mara kidole kile kile, mara kifundo cha mguu wa pili. Kati ya mashambulizi nilikuwa mzima kabisa, nikidhani yameisha, kisha asubuhi moja naamka na moto. Baadaye kidole chenyewe kikawa kigumu hata siku zisizo na maumivu. Hakikukunjika. Nikaanza kuswali juu ya kiti.

Mwenyezi Mungu ameruhusu kiti kwa mgonjwa, nalijua hilo, nimelifundisha mwenyewe. Lakini mimi nilikuwa Mwalimu Kidole. Siku ya kwanza nilipokaa kitini mbele ya wasichana, nikiwaelekeza kwa mdomo tu, msichana mmoja mdogo aliyeitwa Asha, mwenye ulimi usio na breki, alinitazama mguu akasema, "Mwalimu, mbona kidole chako hakijakunjwa?" Wenzake wakamfinya. Alikuwa na haki. Nilicheka mbele yao, na nilipofika nyumbani nililia.

Sikulia kwa ajili ya maumivu. Nilijiona nikitolewa pale mbele. Wazee wa msikiti walikuja kwa upole wao wakasema, "Mwalimu, pumzika kidogo, tutafute wa kukushikia." Niliwajibu inshallah. Moyoni nilijua wa kukushikia akishika, haachi. Na mimi sikuwa na kitu kingine duniani nilichokijua vizuri kama kumfundisha mtoto namna ya kukaa mbele ya Mola wake. Nikawa najiuliza, nitakaa tena kama mtu, au ndiyo basi?

Maneno ya watu nayo yalikuwepo. Kuna aliyesema nimekanyaga kitu kilichomwagwa mlangoni. Kuna aliyesema ni sukari, nitakatwa mguu. Mama Wambui aliwafukuza wote, akafungua sufuria yake. "Kunywa, Mwalimu. Hii nimeweka figo mbili na maini." Nami nilikunywa nikimwombea baraka.

Kisha likanipata goti. Naomba mniwie radhi, nitasema kama lilivyokuwa. Goti la kulia lilivimba likawa kama papai. Sikuweza kulinyoosha wala kulikunja. Choo chetu kiko uani, nami nilikwenda nikijikokota kwa makalio, leso imefungwa kiunoni, mikono yangu ikinisukuma juu ya saruji. Siku nyingine sikufika. Mama Wambui alinifulia bila neno. Nilipata homa, nikatetemeka. Rukia aliposikia akaja kutoka Ruiru na mtoto mgongoni, akanikuta nimekaa sakafuni karibu na mlango wa uani.

"Mama, twende kwa daktari. Leo nitaingia na wewe mimi."

Tukarudi kwa daktari yule yule. Salim aliendesha pikapu polepole akiepuka kila shimo, na tulipofika alimbeba mtoto akabaki nje. Daktari akalitazama goti, akakitazama kidole, akafungua kadi yangu akasoma. Akakunja uso.

"Mama, hapa tuliandika bado unapata hedhi."

Nikamtazama Rukia. Rukia akanitazama. Halafu binti yangu, aliyelelewa kwa adabu, akafanya jambo la adabu kuliko yote niliyomfundisha. Alisema ukweli.

"Daktari, mama alitolewa kizazi na ovari zote. Ni miaka sasa. Hedhi hana."

Daktari akaweka kalamu chini. "Na nani aliniambia yeye bado ni kijana?"

"Mkwe wangu," nikasema. "Hakuwa anajua. Na mimi niliona haya."

Nilingoja anigombeze. Aliangalia dirishani, ambako Salim alikuwa akimbembeleza mtoto kando ya pikapu, akaanza kucheka kimya kimya, mabega yakimtikisika. Mimi nami nikacheka, na kicheko kikanitikisa goti, nikalia.

Alichukua sindano akavuta maji kutoka gotini. Niliyaona. Yalikuwa ya manjano na mawingu mawingu, kama maji yaliyooshewa mchele. Akachukua na damu. Majibu yaliporudi akatuita, akasema ni ugonjwa wa gauti, ule ambao watu wa pwani wanauita jongo. Katika maji yale kulikuwa na chembe kali kama sindano, na damu yangu ilikuwa imejaa asidi ya yuriki, taka ambayo mwili huitengeneza wenyewe, na nyama na maini na mambo kama hayo huiongeza.

Niligutuka. "Daktari, si huo ni ugonjwa wa wanaume wa nyama choma na bia? Mimi bia sijaionja tangu nizaliwe."

"Ndiyo maana niliuliza swali lile."

"Lakini kizazi na kidole cha mguu vinajuana wapi?"

Akavuta kiti karibu. Nitawaeleza kama alivyonieleza, maana siku ile ndipo nilipoanza kupona, hata kabla ya kumeza dawa.

"Mama, chai unachuja?"

"Nachuja."

"Majani yanabaki, chai inapita, imekwisha. Watu wanadhani figo ni chujio kama hilo. Figo ina kazi zaidi. Kwanza inachuja damu, na maji yanayopita yanabeba chumvi, sukari, taka, vyote pamoja. Kisha maji hayo yanapita kwenye vijifereji vidogo, na ukutani mwa vijifereji hivyo kuna wabebaji. Hawa ni protini. Kila mbebaji ana mzigo wake. Mmoja anashika sukari anairudisha kwenye damu. Mwingine anashika chumvi. Na kuna wa asidi ya yuriki. Wako wanaoitoa nje na wako wanaoirudisha ndani."

"Warudishe taka ndani kwa nini?"

"Hata sisi tunajiuliza," akasema, na hapo nikampenda. "Sasa, homoni ya kike, ile iliyokuwa inatoka kwenye ovari zako, inawapunguza wale wanaorudisha. Kwa hiyo mwanamke mwenye hedhi anakojoa asidi nyingi, damu yake inabaki safi. Mwanamume hana ulinzi huo. Ndiyo sababu yeye hupata gauti angali na nguvu zake, na mwanamke huja hapa akiwa ameshakuwa nyanya. Wewe ovari zilipotolewa, homoni iliisha kwa siku moja. Wale wabebaji wa kurudisha wakaongezeka, wakaanza kuzoa asidi na kuirudisha kwenye damu kila siku. Haikuonekana mara moja. Ilijaa polepole, mpaka ikaanza kuganda kwenye viungo vya baridi. Kidole gumba kiko mbali, ndicho cha baridi kuliko vyote."

"Kwa hiyo nina figo za mwanamume?"

"Figo ni zako, Mama. Msimamizi wa wale wabebaji ndiye aliyeondoka."

Aliongeza kwamba si kila mwanamke aliyekoma hedhi atapata ugonjwa huu. Wengi hawaupati. Akaniuliza kama kuna mtu wa kwetu aliyeumwa miguu. Nikamkumbuka babangu, alivyokuwa akichechemea jikoni kwa Mzungu, mguu umefungwa kitambaa, tukiambiwa ni baridi yabisi. Baba alikufa bila kujua anaumwa nini.

Kisha daktari akauliza nakula nini. Rukia akaitaja supu. Daktari akashika kichwa. "Kwato? Na maini? Na figo ndani? Mama, mmekuwa mkiumwagia moto mafuta ya taa."

Matibabu hayakuwa mteremko. Dawa ya kwanza, ya kuzima moto wa goti, ilinitibu na ikaniharisha, nikawa naishukuru na kuilaani kwa pumzi moja. Uvimbe uliposhuka, daktari akanianzishia kidonge cheupe cha kupunguza asidi yenyewe, cha kumeza kila siku maishani. Alinionya: "Mwanzoni kinaweza kuamsha maumivu. Usikiache." Na kweli, kabla mwezi haujaisha kidole kikawaka tena. Nilikishika kichupa kile nikataka kukitupa chooni. Rukia akanishika mkono. "Mama, alisema. Si alisema?" Alisema. Nikameza. Hilo ndilo jambo gumu nililofanya katika ugonjwa wote, kuliko hata sindano ya goti.

Kumwambia Mama Wambui habari ya supu nako kulinipa kazi. Nilimwita, nikampa chai, nikazunguka weee, mwishowe nikasema. Akashika shavu.

"Kwa hivyo ni mimi nimekuwa nikikuua, Mwalimu?"

"Wewe ndiye uliyenifulia. Aliyekuwa akiniua ni mbuzi."

Alicheka, akajifuta macho kwa kitambaa cha kichwa. Tangu siku hiyo akawa ananiletea uji na maziwa, na akiniona sina chupa ya maji karibu anauliza kwa ukali kama polisi. Daktari alikuwa amesema maji mengi, asidi itoke na mkojo. Na Ramadhani, aliponiruhusu kufunga, ninywe vya kutosha toka magharibi hadi daku.

Aliyebaki ni Salim. Rukia alikuwa amemweleza. Kwa majuma kadhaa alinikwepa kuliko kawaida yake, na hiyo ni kusema alikuwa haonekani kabisa. Siku moja akaja, akasimama mlangoni, akaangalia kizingiti.

"Mama, ile kitu nilisema kwa daktari, nilisema juu ya heshima. Sikujua. Nisamehe."

"Na mimi nilinyamaza kwa heshima, baba," nikamwambia. "Heshima zetu mbili zilitaka kunizika. Lakini asante kwa kuniona kijana."

Alitoka mbio. Nilisikia pikapu ikizimika mara mbili kabla haijashika moto.

Miaka imepita tangu wakati huo. Yule mtoto aliyebebwa kando ya pikapu, Halima, amekua, akasoma chuo huku akikaa Kahawa Wendani, na likizo moja alinijia na habari. "Nyanya, wale wabebaji wako wameshajulikana. Wana majina, herufi na namba." Akanitajia. Nilimwambia ni majina mabaya, mimi ningewaita vizuri zaidi. Lakini nilifurahi kujua daktari wangu wa Ruiru hakunidanganya. Kidonge bado nakimeza. Nyama naonja kidogo. Figo nimeziachia wanawake wengine, na Salim kila Idi huchukua zile za mbuzi wake akampelekea Mama Wambui, ambaye viungo vyake ni vya chuma.

Wanawake wenzangu, na hasa nyinyi mliotolewa kizazi mkasema ni malaria, nawaomba jambo moja. Mkiingia kwa daktari, mwambieni mkwe, kaka au mtoto wa kiume angoje nje, kisha jibuni kila mnachoulizwa, hata kama mmepeleka ukucha. Mwili ni mmoja. Kilichotolewa tumboni kinaweza kulia mguuni. Na anayeumwa na kiungo, kabla ya sufuria ya supu, apimwe damu. Wanaotuletea sufuria wanatupenda, nasi tuwapende, lakini tupime.

Namaliza kwa siku moja tu. Ilikuwa baada ya miezi mingi ya kile kidonge. Wazee wa msikiti hawakuwa wamepata wa kunishikia, ama hawakumtafuta kwa bidii, Mungu awalipe. Niliingia madrasa, nikakisukuma kiti kando, nikatandika mkeka mbele ya wasichana. Adhuhuri. Nilisimama, nikarukuu, nikasujudu. Kisha nikakaa, nikausimamisha mguu wa kulia polepole. Kidole gumba kikagusa mkeka. Kikakunjika. Kikaubeba uzito wangu, na mimi nikasoma tahiyatu yangu yote bila kuharakisha, machozi yakinidondokea mapajani.

Nilipotoa salamu na kugeuka, mstari mzima haukuwa ukiswali. Walikuwa wameinamisha vichwa kando, kila mmoja akitazama mguu wangu, na Asha ndiye aliyekuwa ameinama kuliko wote, shavu karibu liguse sakafu.

"Kimekunjika, Mwalimu," akasema.

Hapo ningepaswa kuwafokea, na Kikuyu kilikuwa kimeshafika kooni. Nikakimeza.

"Turudieni swala," nikawaambia. "Na mara hii kila mtu aangalie kidole chake."